Droni za kupeleka mizigo zikijaa anga la chini, nani ampishe nani?

#1 Mnyakyusa wa Texas
Wakuu, heshima kwenu.

Naishi kitongoji cha nje ya Dallas. Huku droni za kuleta vifurushi zimeshazoeleka. Mtu anaagiza dawa ya kikohozi au mayai kwa simu, baada ya muda mfupi droni inakuja, inasimama angani juu ya ua, inashusha mfuko kwa kamba, inaondoka. Kwa hilo sina ugomvi.

Kinachonisumbua ni kanuni ambayo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imependekeza Agosti 2025. Inaitwa Sehemu ya 108. Inafungua njia kwa droni kuruka mbali kabisa na macho ya mwendeshaji, chini ya futi 400, na inagusa hata droni za pauni 1,320, yaani karibu kilo 600. Ndani yake kuna kifungu kwamba ndege yenye mtu ndani, kama haitangazi mahali ilipo kwa mawimbi ya redio, ndiyo itakayoipisha droni. Siku zote chombo kisicho na mtu ndicho kilichopisha. Sasa wanataka kugeuza.

Maoni ya wananchi yanapokelewa hadi 6 Oktoba 2025. Nataka kuandika, ila kwanza nipate mawazo yenu. Hii ni haki? Na ninyi mlioko huko ambako droni za damu zilianza mapema, kuna mtu aliwauliza kabla anga la juu ya mapaa yenu halijagawiwa?

Nawasilisha.

#2 Kiti cha Mbele
Nimewahi nafasi. Wajuzi wa anga shukeni.

#3 Umurava wa Muhanga
Salama ndugu. Mimi ni wa Muhanga, Rwanda, ndipo Zipline, kampuni ya droni za kupeleka damu, walipofungua kituo chao cha kwanza Oktoba 2016. Cha pili kikafuata Kayonza, upande wa mashariki, mwishoni mwa 2018. Droni zao zina mabawa kama ndege ya kawaida. Zinarushwa kwa manati, zinakwenda kama kilomita 100 kwa saa, zikifika zinadondosha boksi lenye parachuti ya karatasi na kugeuza bila kutua. Zikirudi zinanaswa mkiani kwa waya. Watoto wa shule hapa hawainui tena vichwa zikipita.

Kuulizwa, hapana. Sikumbuki mkutano wowote kuhusu anga. Lakini pima na upande wa pili. Hospitali ya wilaya ilikuwa inatuma gari kufuata damu, kwenye milima hii na mvua hii. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulikuta damu ya droni inafika kwa wastani wa karibu dakika 50, yaani dakika 79 chini ya makadirio ya safari ya gari, na damu inayotupwa kwa kupitwa na muda ikapungua kwa asilimia 67. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua utamwambia asubiri kwanza tuelewane anga ni la nani?

#4 Rubani wa Zamani
Mnyakyusa umegusa penyewe. Nimerusha ndege ndogo miaka mingi, Tanzania na Kenya, naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Watu wengi wanadhani chini ya futi 400 ni kutupu. Si kweli. Huko kuna helikopta za wagonjwa, polisi, ndege za kunyunyizia dawa mashambani, doria za wanyamapori, na kila ndege inayopaa au kutua. Mwaka 2020 nzige walipoingia Kenya, ndege za kunyunyiza zilikuwa zinapita juu kidogo tu ya miti.

Ndege ndogo nyingi bado zinategemea macho: unamwona mwenzako, unamkwepa. Sasa fanya hesabu. Mimi niko kilomita 185 kwa saa, droni inakuja usoni kwangu kwa kilomita 100. Tunakaribiana kwa karibu mita 80 kila sekunde. Chombo chenye mabawa ya mita 3 hivi, cheupe, kwenye anga lenye mawingu, nikikiona kikiwa mita 800 basi nimebahatika. Hapo nina sekunde 10. FAA hao hao wana mwongozo unaosema rubani anahitaji kama sekunde 12 na nusu tangu jicho lione hadi ndege ianze kugeuka. Unaambiwa upishe kitu ambacho muda wa kukipisha huna.

Umurava, ya Rwanda nayakubali. Ila tazama mazingira yake. Kwa muda mrefu mwendeshaji alikuwa mmoja, njia zinajulikana, mnara wa Kigali una taarifa, na ndege za chini ni chache. Dallas kuna kampuni zaidi ya moja zinazogombea anga lile lile kwa ajili ya mayai.

#5 Boda Namba Moja
Mayai kwa droni! Sisi huku Tandika tunabeba trei tano kwa pikipiki na halivunjiki hata moja. Mnyakyusa waambie waje wajifunze.

#6 Mnyakyusa wa Texas
@Boda haha, nitawaambia. @Rubani asante sana, hesabu hiyo naichukua ilivyo.

#7 Mama Kuku Kibaha
Mimi naongea kama mfugaji. Nina kuku wa mayai. Jirani alifunga harusi, wapiga picha wakaja na droni yao, ile ndogo kabisa ya kamera. Ikapita chini juu ya banda langu mara mbili. Kuku wakaona mwewe. Walikimbilia kona moja wote, wakarundikana, wa chini wakakosa hewa. Nilipofungua mlango nilikuta waliokufa wamelaliana kama magunia na wazima wamepanda juu yao, midomo wazi. Wiki nzima mayai yalishuka. Nimlalamikie nani? Mpiga picha alikuwa ameshaondoka na bibi harusi ni mtoto wa jirani.

Sasa nikisikia droni za mizigo zitapita kutwa, na njia imepangwa juu ya banda langu, nauliza tu: hasara ya nani?

#8 Kiti cha Mbele
Pole sana mama. Hii sikuwahi kuifikiria.

#9 Wakili Pembeni
Mama Kuku, kuna kesi inayofanana na yako karibu neno kwa neno. Marekani, jimbo la North Carolina, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mfugaji aitwaye Thomas Lee Causby alikuwa na kuku jirani na uwanja mdogo wa Greensboro. Jeshi likaanza kuutumia. Ndege zilikuwa zinapita futi 83 juu ya shamba lake zikienda kutua, kuku wakawa wanaruka na kujibamiza ukutani kwa hofu, wakafa kama 150. Biashara ikafungwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1946 ikaamua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, ule msemo wa kale kwamba mwenye ardhi anamiliki hadi mbinguni hauna nafasi katika dunia ya ndege. Anga la juu ni njia ya umma. Pili, mwenye ardhi anamiliki angalau kiasi cha anga anachoweza kukikalia au kukitumia pamoja na ardhi yake. Causby akastahili fidia.

Ila mahakama haikutaja kipimo, eti chini ya futi kadhaa ni pako. Kwa hiyo hadi leo eneo kati ya paa na futi 400 linabishaniwa, na ndimo droni zinamopita.

Kwetu sasa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 260, inapofafanua ardhi inataja pia anga lililo juu ya uso wa ardhi. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, mwananchi ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo kwa maoni yangu Mnyakyusa ameanza mwisho. Kabla ya nani ampishe nani angani, tujue kwanza huyo wa chini ana haki gani.

#10 Rubani wa Zamani
Wakili, kwa heshima, hapo tutapotea. Ukianza kugawa anga kwa hati za viwanja hakuna ndege itakayotoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Anga liwe la umma, tubishane kuhusu usalama tu.

#11 Wakili Pembeni
Na usalama wa kuku wa Kibaha umo?

#12 Fundi Antena
Nimesoma pendekezo lenyewe. Mnyakyusa kalieleza sawa kwa sehemu, ila kuna vitu vimeachwa nje na vina uzito.

Droni haijapewa haki juu ya kila ndege. Kwanza, bado italazimika kupisha ndege yoyote inayojitangaza. Pili, itapisha ndege inayoondoka au kuingia uwanjani, hata kituo cha helikopta, ijitangaze isijitangaze. Tatu, mahali penye watu wengi sana na karibu na viwanja vikubwa, droni itapaswa iwe na uwezo wa kugundua hata wasiojitangaza. Kinachobaki ni ndege isiyo na kifaa, mbali na uwanja, eneo lisilo na watu wengi sana. Huyo ndiye atakayepisha.

Kifaa chenyewe ni ADS-B. Ndege inajua ilipo kwa satelaiti na inatangaza kila sekunde kwa redio: mimi ni fulani, niko hapa, kimo hiki, naelekea kule. Droni ikiwa na kipokezi inasikia na kukwepa kabla hakijaonekana kitu. Kwa hiyo kwangu mzozo huu ni wa vifaa. Kila anayeruka awe na cha kujitangaza, kiwe cha bei ndogo, cha mkononi, basi.

#13 Puto la Alfajiri
Fundi, "basi" hiyo imenigusa pabaya. Nafanya kazi kwenye maputo ya watalii Serengeti. Niruhusu nikueleze puto lilivyo.

Tunapaa jua likichomoza. Rubani wa puto hana usukani. Anachoweza ni kupanda na kushuka. Kulia na kushoto anapelekwa na upepo. Mara nyingi tunashuka hadi kikapu kinagusa ncha za nyasi ili wageni waone viboko, halafu tunapanda tena. Yaani tunaishi humo humo kwenye futi 400. Ukiniambia nipishe droni inayokuja kwa pembeni, nipishe kwa kutumia nini?

Ndiyo maana sheria za anga za kimataifa, Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, zimepanga hivi: chenye injini kinapisha ndege ya kunyiririka isiyo na injini, na vyote viwili vinapisha puto. Asiye na uwezo wa kukwepa ndiye anayepishwa. Hekima hiyo ni ya zamani na imeokoa watu. Hili pendekezo la Marekani linaondoa swali la nani anaweza kukwepa na kuweka la nani amenunua kifaa. Ni sawa na gari kumgonga mwenda kwa miguu halafu wamuulize maiti kwa nini hakuvaa fulana ya kung'aa.

#14 Rubani wa Zamani
Puto, umesema nilichoshindwa kusema. Mkono.

#15 Fundi Antena
Puto, nakuelewa, lakini kikapu chenye wageni kumi na zaidi hakishindwi kubeba kifaa cha ukubwa wa simu. Hilo ndilo nasema. Sikusema mgeuzwe kuwa wakosaji.

Halafu kuna njia nyingine. Zipline walitengeneza mfumo wa vinasa sauti: droni ina maikrofoni kadhaa, inasikia injini ya ndege ikiwa bado kilomita kadhaa, inajua inatoka upande gani, inakwepa. Septemba 2023 FAA wakawaruhusu kuruka bila watu wa kukaa njiani kutazama anga. Kwa hiyo hata asiyejitangaza anasikika.

#16 Puto la Alfajiri
Maikrofoni inasikia injini. Puto halina injini. Tuna moto wa gesi ambao rubani anauwasha kwa sekunde chache kisha kimya kabisa, na ukimya huo ndio wageni wanaoulipia. Wale wanaopaa kwa miavuli kule Iten, juu ya bonde la Kerio, nao kimya. Nani atawasikia?

#17 Kerio Juu
Nimesikia tumetajwa. Ni kweli, sisi wa miavuli hatuna chochote isipokuwa redio ndogo ya kuongea wenyewe kwa wenyewe. Tunafuata hewa ya joto inayopanda kwenye ukingo wa bonde, tunazunguka pale pale. Ukipitisha njia ya droni kwenye ukingo ule utatukuta tu.

#18 Sista wa Nyando
Habari zenu. Mimi ni muuguzi, kituo cha afya huku Kisumu kaunti, si mbali na Chemelil ambako droni zinatoka. Naona mnaongea sana juu na hamjafika chini, kwa hivyo niwape picha.

Tunaagiza kwa simu. Tunapata ujumbe kwamba mzigo umetoka, halafu mwingine kwamba umekaribia. Mlinzi anafukuza watoto na mbuzi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya maabara. Unasikia mvumo kidogo, unapita, unaona boksi jekundu likining'inia chini ya karatasi, linayumba, linaanguka puu. Si zaidi ya kilo 2. Ndani chupa zimefungwa vizuri, bado baridi. Nikiwa na mtoto mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya malaria, boksi hilo kwangu si jambo la kubishania.

Lakini Mama Kuku nakuunga mkono pia. Mzee mmoja anayekaa upande ule wa njia aliuliza kwenye baraza la chifu kama hizo ndege zinapiga picha choo chake, kwa sababu hakina paa. Watu walicheka, mimi sikucheka. Hakuna aliyemjibu kwa utulivu. Ukimweleza mtu kinachopita juu yake, inabeba nini na inaona nini, wasiwasi nusu unaisha.

#19 Boda Namba Moja
Sista, na sisi mnatuacha wapi? Kabla ya droni nani alikuwa anabeba hizo sampuli na dawa kati ya vituo? Boda. Msiandike kama tulikuwa hatupo.

#20 Sista wa Nyando
Bado mpo kaka. Sampuli nyingi bado zinakwenda kwa pikipiki kwa sababu droni hizi zinaleta, hazichukui. Mvua ikikata barabara ndipo mnapokwama nyote.

#21 Mvuvi wa Ukara
Msidhani Tanzania hatujaona hizi. Tuliziona Ukerewe mwaka 2018. Ilikuwa majaribio ya miezi sita ya DHL, Wajerumani wa shirika la maendeleo GIZ na watengenezaji Wingcopter. Kutoka Mwanza hadi kisiwani kilomita 60, dakika 40, droni inakwenda yenyewe juu ya maji. Kwa barabara kuzunguka ni kilomita 240, saa sita. Majaribio yakaisha, droni zikaondoka. Sisi tulibaki na vivuko.

#22 Kiti cha Mbele
Si walianzia Dodoma 2017?

#23 Mvuvi wa Ukara
Dodoma ilitangazwa 2017 kwamba itakuwa na kituo kama cha Rwanda. Kutangazwa na kuruka ni vitu viwili. Ya Ukerewe niliiona kwa macho.

Na mniruhusu niongeze ndege wenyewe, wale wa manyoya. Ziwani kuna tai, makorongo, mnandi kwa maelfu. Tai akiwa na kiota hataki kitu kipite karibu. Marubani wa Mwanza wanajua, ndege wa manyoya kugongana na ndege yenye rubani pale si ajabu. Mbona hakuna anayewahesabu kwenye hili anga la kugawana?

#24 Mnyakyusa wa Texas
Mvuvi hoja nzito. Kule Canberra, Australia, mwaka 2021 kunguru walikuwa wanashambulia droni za mizigo wakati wa kutaga, hadi kampuni ikasimamisha huduma kwenye mtaa ule kwa muda. Australia ndiko malalamiko yalianza mapema. Mtaa wa Bonython, 2018 na 2019, wakazi waliungana kwa ajili ya kelele tu, bunge la eneo lile likafanya uchunguzi, kampuni ikalazimika kutengeneza mapangaboi yenye mvumo wa chini.

Na huku Texas, mji wa College Station, Amazon waliomba 2024 kuongeza safari kutoka 200 hadi 469 kwa siku. Meya aliandika barua FAA kwa niaba ya wakazi waliochoshwa na mvumo. Mwaka 2025 wakaacha kuruka pale.

#25 Umurava wa Muhanga
Naona sasa. Huko mnagombana na droni za baga na huku tunaongea droni za damu, halafu tunatumia neno moja. Mimi ningegawa: ya dawa ipewe njia, ya vitafunwa isubiri.

#26 Wakili Pembeni
Na ikibeba vyote viwili? Kampuni zinaanza na damu, zikishapata kibali na imani ya watu zinahamia dukani. Zipline wenyewe Marekani wanapeleka bidhaa za Walmart. Kibali kinatolewa kwa chombo na mwendeshaji. Mzigo hauulizwi.

#27 Umurava wa Muhanga
Basi uulizwe. Sheria inaandikwa na watu.

#28 Mtoto wa Goma
Wapendwa, mimi niko Goma. Ninyi mnasema kelele, sisi tunasema hofu. Februari 2024 uwanja wetu wa ndege ulishambuliwa kwa droni, ndege ya kiraia ikaharibika. Tangu vita vilivyofuata, mvumo ule ukisikika watu wanaingia ndani, mama anamvuta mtoto, hakuna anayesimama kuangalia kama imebeba chanjo. Siku moja likija shirika la kuleta dawa kwa droni, hata liwe na nia njema kabisa, nani atatuhakikishia iliyoko juu ni ipi? Hilo nalo ni suala la anga la chini na sijaona mtu kaligusa.

#29 Kiti cha Mbele
Duh. Poleni sana ndugu zetu.

#30 Mzalendo Halisi
Kwani hiyo droni ya Goma ilitoka nchi gani? Semeni ukweli hapa

#31 Msimamizi
Tunabaki kwenye mada. Siasa za vita zina jukwaa lake.

#32 Fundi Antena
Mtoto wa Goma, jibu la kiufundi lipo kwa sehemu. Marekani, kuanzia Machi 2024 wanasimamia kwa adhabu kanuni ya droni kujitambulisha kwa redio: namba yake, ilipo, na mwendeshaji alipo. Mtu yeyote mwenye simu na programu sahihi anaweza kuiona. Huku kwetu ingekuwa hatua ya kwanza kabla ya yote. Hata Mama Kuku angejua ni nani wa kumdai.

#33 Mtoto wa Goma
Anayekuja kuua hawezi kujitambulisha, kaka.

#34 Rubani wa Zamani
Nyongeza. Januari 2025, moto mkubwa wa Los Angeles, ndege ya kuzima moto kutoka Kanada iligongwa na droni, bawa likatoboka, ikatua na kukaa chini wakati nyumba zinaungua. Droni yenyewe ndogo, haifiki hata kilo moja. Sasa mtu anapendekeza za kilo mia kadhaa.

#35 Fundi Antena
Sahihi, ila ile ilikuwa ya mtu binafsi aliyeirusha kwenye eneo lililopigwa marufuku, na alifikishwa mahakamani. Haikuwa ya mizigo. Tusizichanganye, kampuni za mizigo zinafuatiliwa kuliko hao.

#36 Kipepeo wa Langata
Sawa, lakini hata wenye marubani na waongozaji hugongana. Machi 2024 ndege ya abiria na ndege ya mafunzo ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia mshindo. Ndege zote mbili zilikuwa chini ya mnara wa Wilson, zina redio, zina mtu wa kuziongoza. Kwa hivyo Fundi anaponiambia kifaa kitatosha, siwezi kukubali moja kwa moja.

#37 Rubani wa Zamani
Mungu awarehemu. Lile lilituumiza wote.

#38 Mnyakyusa wa Texas
Wakuu, habari mpya. Tarehe 1 Oktoba 2025, Tolleson, jimbo la Arizona, droni mbili za Amazon zimegonga kreni ile ile ya ujenzi, moja ikifuata nyingine. Hakuna aliyeripotiwa kuumia vibaya. Wamesimamisha safari za eneo lile na uchunguzi umeanza.

#39 Puto la Alfajiri
Kreni imesimama, haikimbii, haikujitangaza. Droni ya kwanza haikuiona, na ya pili haikupata habari kutoka kwa ya kwanza. Andika hilo kwenye maoni yako Mnyakyusa, tafadhali.

#40 Fundi Antena
Tusubiri uchunguzi. Inawezekana kreni ilipandishwa baada ya ramani kutengenezwa. Ni tatizo la taarifa za vizuizi, tofauti na kupishana na ndege.

#41 Rubani wa Zamani
Kwangu ni tatizo lile lile. Chombo kinaruka kwa kuamini kilichoambiwa badala ya kuangalia. Mwaka 2022 huko Logan, Queensland, droni ya chakula ilitua juu ya nyaya za umeme na karibu nyumba 2,000 zikakosa umeme.

#42 Umurava wa Muhanga
Rubani, bado nina swali kwako. Ukipewa wewe kuandika sheria, droni ya damu itapita au haitapita?

#43 Rubani wa Zamani
Itapita. Kwenye njia iliyotangazwa, kimo kinachojulikana, mnara una taarifa, na ikinikuta inipishe hata kama redio yangu imekufa. Ikishindwa kunipisha basi isiruke hapo hadi iweze. Ya mayai sheria hiyo hiyo.

#44 Wakili Pembeni
Na wenye mashamba chini ya hiyo njia wataarifiwa kabla?

#45 Rubani wa Zamani
Hilo nakuachia wewe na Mama Kuku.

#46 Mama Kuku Kibaha
Niko tayari. Wapitishe mtoni, huko hakuna banda.

#47 Mvuvi wa Ukara
Mtoni kuna ndege wa manyoya. Nimeshasema.

#48 Mnyakyusa wa Texas
Nimetuma maoni yangu FAA leo. Nimeweka mpangilio wa kupishana aliousema Puto, hesabu ya sekunde ya Rubani, na kreni ya Tolleson. Nimeomba kifungu kile kiondolewe au angalau maputo na miavuli vitajwe kwa jina. Wakili, Causby sikumweka, nafasi ya barua ilikuwa ndogo.

#49 Wakili Pembeni
Umemwacha shahidi mkuu nje ya kesi!

#50 Kijana wa Bagamoyo
Samahani wakuu kwa kuingilia. Nataka kununua droni ya kupigia picha harusi. Kibali napata wapi?

#51 Fundi Antena
Tanzania unahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na idhini ya Wizara ya Ulinzi, vyote viwili, hata kama ni ya picha tu. Anza mapema kabla ya kupokea malipo ya mteja. Usiruke karibu na uwanja wa ndege wala kambi.

#52 Mama Kuku Kibaha
Na kabla ya kuirusha pita kwa majirani uulize nani ana banda.